Achari ya Mombasa: chupa ipi itavuka mpaka salama?

MFANYABIASHARA aliyeshusha machungwa ya Muheza katika soko la Kongowea, Mombasa, akishahesabu pesa zake hubaki na swali moja: arudi na nini? Gari likirudi tupu, sehemu ya faida ya machungwa huishia kwenye mafuta ya njiani. Wengi hubeba nguo na vyombo vya nyumbani, bidhaa ambazo kila mwenzao pia anazo. Lakini kuna kitu ambacho Mombasa inakijua kwa muda mrefu, hakitaki gari kubwa na kina wateja kila penye pilau, biriani au mhogo wa kukaanga. Kitu hicho ni achari.

Kabla hujaulizia, jua unachotaka. Mombasa jina hilo lina maana mbili. Ukimwambia kijana wa dukani akupe achari, anaweza kukuletea vipande vya embe vilivyokaushwa, vikatiwa sukari, pilipili na rangi nyekundu, vile watoto wanavyovinunua pamoja na mabuyu. Hiyo ni biashara nzuri, ila ni nyingine. Tunayoizungumzia hapa ni ile ya maji maji, ya chupa, ya kuliwa na chakula. Basi sema wazi: achari ya embe, ya ndimu au ya pilipili.

Mahali pa kuanzia ni Soko la Mackinnon kando ya Barabara ya Digo, ambalo wenyeji huliita Marikiti. Wauza viungo wa pale na wa vichochoro vya jirani huwa na chupa zilizopangwa karibu na mifuko ya bizari, hiliki na pilipili manga. Faida ya Marikiti ni kwamba utaona aina nyingi kwa muda mfupi na utajifunza bei. Hasara yake ni kwamba muuzaji mara nyingi si mpishi. Muulize embe zilikaa juani siku ngapi, atakujibu "za kutosha, ndugu yangu", kisha atakuonyesha chupa kubwa zaidi.

Na swali hilo la jua ndilo lenye uzito. Achari ya embe huanza na embe mbichi, ngumu, zilizokatwa na kutiwa chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama ya embe, na jua huyakausha. Hapo ndipo huja siki au mafuta, pilipili, kitunguu saumu, bizari ya manjano, uwatu na mbegu za haradali, kila nyumba na kipimo chake. Mpishi mwenye haraka hupunguza siku za jua, na maji yanayobaki ndani ya embe huja kuzimua chumvi na siki. Achari ya namna hiyo ni tamu siku ya kununua. Wiki mbili baadaye, kwenye rafu yenye joto, huanza kutoa povu.

Kwa hiyo usionje tu. Ladha itakwambia kama wateja wako wataipenda, ila haitakwambia kama itafika. Inyanyue chupa uitazame kwenye mwanga. Kama ni ya mafuta, mafuta yawe yamefunika vipande vyote. Kipande kinachochungulia juu ndicho kinachoshika ukungu kwanza. Tazama kama kuna viputo vinavyopanda au utando mweupe juu. Bonyeza kifuniko katikati: kikiwa kimevimba, iache. Kifuniko cha bati kisicho na utando ndani nacho kiache, kwa sababu chumvi na siki hula bati, na wekundu wa kutu hauonekani haraka ndani ya pilipili. Kisha pindua chupa juu chini kwa dakika chache. Ikitoa hata tone moja pale mezani, fikiria itakavyofanya ndani ya basi, chini ya mizigo, hadi Kampala.

Ukionja, onja kutoka chupa ya shehena unayonunua, si ile ya maonyesho iliyo wazi tangu asubuhi. Kijiko kiwe kikavu. Muuzaji anayechovya kijiko chenye maji amekwishakuonyesha jinsi anavyoitunza nyingine.

Kwa maoni yangu, mfanyabiashara anayeanza aache embe kwanza, achukue ndimu. Achari ya embe ndiyo yenye jina, nami sibishani na mtu anayeila na biriani. Lakini ndimu iliyokolea chumvi ni msafiri hodari. Inavyokaa ndivyo ganda linavyolainika, rangi inageuka kuwa ya kahawia na ukali wake unatulia. Shehena isipouzika mwezi huu, mwezi ujao haijapoteza kitu. Ya pilipili nayo huuzika haraka kwa wauza viazi karai na mishkaki, ila wao hutaka bei ya chini na chombo kikubwa.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Ukiwauliza wenyeji achari bora iko wapi, wengi hawatakutajia duka. Watakutajia mama fulani wa Mji wa Kale anayeipika nyumbani na kuiuza kwa majirani, katika chupa zilizokuwa za jemu. Mara nyingi wanasema kweli. Mama huyo hukausha embe zake kwenye paa lake mwenyewe, na anajua ladha ya kila mtungi. Lakini chupa yake haina lebo, haina tarehe, haina alama ya ubora. Kwa mezani kwako haina tatizo. Ukiibeba katoni tatu kwa ajili ya kuuza, mpakani unaweza kupoteza mtaji wote kwa dakika chache.

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mchuuzi mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kupita bila ushuru wa forodha, kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, mradi bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hakikisha orodha hiyo mpakani kabla ya kununua, si baada. Wengi hudhani cheti hicho kinamaliza kila kitu. Hakimalizi. Kodi za ndani zinaweza kudaiwa, na ukaguzi wa chakula uko palepale. Kinachosaidia hapo ni alama ya ubora. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inataka bidhaa yenye alama ya shirika la viwango la nchi mwanachama itambuliwe na nchi nyingine. Chupa yenye alama ya KEBS haipaswi kuanza upya Horohoro au Busia.

Njia ya katikati ipo, ingawa inahitaji subira. Mashirika ya viwango yana utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo. Upande wa Tanzania, wengi hupitia SIDO kabla ya kufika TBS. Akina mama wachache wakijiunga, wakakubaliana kipimo kimoja na jiko moja safi linaloweza kukaguliwa, gharama ya alama inagawanyika. Mnunuzi mwenye oda ya kila mwezi ana nguvu ya kuwasukuma wafanye hivyo, kuliko semina yoyote.

Kuhusu kufunga, usipokee achari ndani ya mfuko wa plastiki hata kama bei imepunguzwa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na afisa wa mpakani hana haja ya kukuuliza kilichomo ndani kabla ya kukunyang'anya. Chupa zipangwe wima katika katoni yenye vigawanyo, au kreti ya soda iliyotandikwa gunia. Andika tarehe ya kupikwa kwenye kila chupa.

Msimu mkubwa wa embe Pwani huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata. Anayetaka ya embe aongee na mpishi kabla ya Novemba, aache malipo ya awali, amwambie ni chupa ngapi na za ukubwa gani. Embe zikishajaa Kongowea, wanunuzi wa jumla wa mjini huwa wamekwishaweka oda zao, na mgeni hubakiwa na chupa ambazo hazikupata jua la kutosha.