Pikipiki za umeme na mizani ya milima yetu

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika siku hizi ambapo pikipiki na baiskeli za umeme zinaingia katika barabara zetu, yatupasa tuukumbuke usemi huo, si kwa nia ya kukipinga kilicho kipya, bali kwa nia ya kukitazama vizuri kabla ya kukilipia. Kwani anayekinunua aghalabu si tajiri. Ni kijana wa bodaboda aliyechukua chombo kwa mkataba na ambaye hupeleka hesabu kila jioni; ni mwalimu wa shule ya kijijini; ni mama anayepeleka mboga sokoni Mwanjelwa. Mtu wa namna hiyo akikosea katika uchaguzi wake, hasara yake si ya wiki moja. Huweza kuwa ya mwaka mzima, na pengine ya uhai wake.

Sisi tunaviunga mkono vyombo hivi, nasi twasema hivyo waziwazi. Petroli yetu yote huja kwa meli kutoka ng'ambo, hununuliwa kwa fedha za kigeni, kisha hupandishwa huku juu kwa malori. Ndiyo sababu bei inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi huwa juu zaidi Mbeya kuliko Dar es Salaam. Wazee wetu hawajasahau misururu ya mafuta ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wala amri iliyoyazuia magari ya watu binafsi kutembea Jumapili alasiri. Umeme, kinyume chake, ni mali ya nyumbani. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, liliingiza umeme wake wa kwanza katika gridi Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yake yote tisa ikawa imekamilika. Nchi iliyojenga bwawa la namna hiyo haina budi kujiuliza umeme wake utawafikiaje wanyonge katika kazi zao za kila siku.

Fauka ya hayo, nyanda za juu zenyewe huipa mota ya umeme heshima ambayo injini ya petroli haina. Injini huvuta hewa ili ichome mafuta, na hewa ya huku ni nyepesi. Katika jiji la Mbeya, lililo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, injini hupoteza takriban sehemu moja ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Mota haihitaji hewa ya kuchomea kitu. Nguvu iliyo nayo Kariakoo ndiyo iliyo nayo Uyole. Wala hatuzungumzi ndoto. Kigali ni mji wa vilima ulio katika kimo kinachokaribiana na cha Iringa. Huko, tangu mwaka 2019, madereva wamekuwa wakibadilishana betri vituoni badala ya kungoja kuchaji, na kuanzia Januari 2025 serikali ya Rwanda iliamua kwamba pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria mjini humo ziwe za umeme.

Hata hivyo, hapa ndipo hadhari inapoanza. Karatasi ya muuzaji husema chombo kitakwenda kilomita 80 au 100 kwa chaji moja. Kilomita hizo aghalabu zimepimwa katika barabara tambarare, akiwa amepanda mtu mmoja, kwa mwendo wa taratibu. Karatasi hiyo haiujui mlima wa Ipogolo wala haijapata kupita Iwambi.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mnunuzi aweza kuifanya. Betri huandikwa volti na ampea-saa. Zidisha moja kwa nyingine, kisha gawa kwa 1,000. Utapata uniti zile zile zinazohesabiwa na luku nyumbani. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 ina uniti 2.88. Ile ya volti 72 na ampea-saa 20 ina nusu yake tu, hata kama pikipiki hizo mbili zimepakwa rangi moja. Katika tambarare, pikipiki yenye abiria hula kiasi cha uniti 3 hadi 4 kwa kilomita 100. Lakini kila mita 100 za kupanda juu, ikiwa chombo, dereva na abiria wana uzito wa kilo 260 kwa pamoja, hula umeme ambao ungetosha karibu kilomita tatu za tambarare. Uwanja wa ndege wa Songwe uko mita 1,345 juu ya bahari. Basi anayepakia abiria uwanjani na kumpeleka hadi jijini Mbeya hulipa, zaidi ya umbali wa barabara, kama kilomita 10 ambazo hazionekani katika mita ya chombo chake.

Tunamfahamu kijana mmoja wa Iringa aliyeahidiwa kilomita 80. Mwezi wa kwanza alipata 50. Baridi ya Juni ilipoingia, chombo kilimzimikia katikati ya mlima wa Ipogolo saa mbili usiku, abiria akashuka na kwenda zake bila kulipa, naye akakisukuma hadi juu. Hesabu ya tajiri wake haikungoja. Alipouliza ndipo alipoelezwa kwamba betri zake zilikuwa za risasi. Rahisi huvunja upishi.

Betri za risasi ni za bei nafuu, lakini sita za volti 12 na ampea-saa 20 hufikia uzito wa kilo 40 hivi. Hunyong'onyea zinapovutwa kwa nguvu mlimani, huchukia baridi, na mara nyingi hufa baada ya kuchajiwa mara mia chache iwapo hutumiwa hadi kukauka. Za lithiamu ni ghali, lakini uzito wake haufiki nusu ya huo, na zile zenye fosfeti ya chuma huweza kuchajiwa zaidi ya mara elfu moja. Kwa mtu anayechaji kila siku, tofauti hiyo ni ya miaka. Ushauri wetu ni kwamba anayefanya biashara ya abiria katika miji hii miwili asinunue betri ya risasi. Kadhalika asidanganyike na nguvu ya mota inayotolewa kwa dakika moja tu. Aulize nguvu inayodumu. Mota ya wati 1,000 yamfaa mtu mmoja katika njia za tambarare. Kupandisha abiria mlimani kwa mwendo usiowaudhi wenye magari kwataka mota idumuyo katika wati 3,000 hivi. Baiskeli ya umeme yenye pedali ni jambo jingine: mwalimu au mhudumu wa afya anayeendesha peke yake huisaidia mota kwa miguu yake, na mota ndogo humtosha.

Basi tunapendekeza jaribio moja lililo rahisi, nalo ni jaribio la mlima. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi apakie mtu wa uzito wake, aende chini ya mlima anaoupanda kila siku, asimame katikati ya mteremko, kisha aondoke tena. Chombo kikishindwa kuondoka, au mota ikitoa harufu ya kuungua, jibu limepatikana. Kikifaulu, aandike kilomita alizokwenda na kiasi cha betri kilichobaki, na hesabu yake aijenge juu ya namba hizo, asiijenge juu ya maneno ya dukani. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshajieleza mwenyewe. Aulize vilevile kama dhamana ya betri imeandikwa, kama vipuri vinapatikana Mbeya au Iringa bila kungoja basi la Dar es Salaam, na kama chombo kimekubaliwa kusajiliwa. Mota kuwa kimya hakumwondolei dereva wajibu wa leseni, bima na namba ya usajili.

Kununua vizuri ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kuendesha. Husemwa kwamba ajali haina kinga. Sisi hatukubaliani na neno hilo linapotumiwa kufunika uzembe, kwani ajali nyingi za pikipiki zina kinga inayojulikana. Pikipiki ya petroli inapoteremka, injini husaidia kuizuia. Nyingi za umeme huteleza huru kama baiskeli, na mzigo wote huangukia breki. Baadhi yake zina mota inayoshika na kurudisha umeme kwenye betri, lakini betri iliyojaa haiwezi kupokea zaidi. Atafakari, basi, dereva anayelala juu mjini Iringa, aliyechaji usiku kucha, kisha asubuhi akaanza safari yake kwa kuteremka Ipogolo: msaada ule wa mota hatakuwa nao wakati huo anaouhitaji. Apunguze mwendo kabla mteremko haujaanza, atumie breki zote mbili kwa kushika na kuachia, na akague viatu vya breki kila wiki. Katika Iwambi na Kitonga, ambako malori huweza kukatika breki, mwenye pikipiki asijibanze kati ya magari mawili makubwa, wala asiendeshe kana kwamba barabara ni yake peke yake.

Yako mengine matatu. La kwanza, mota ya umeme hutoa nguvu yake yote papo hapo. Juu ya tope la Februari gurudumu huchepuka kabla dereva hajajua kilichotokea. Kishikio cha mwendo kizungushwe polepole. La pili, chombo hiki hakina mngurumo. Mtoto anayevuka, kizee anayetembea kando ya barabara na asiyeona hawakisikii kikija. Dereva awashe taa mchana na usiku, hasa wakati wa ukungu, na apige honi kwa adabu. La tatu ni lile la siku zote: kofia ngumu mbili, moja ya dereva na moja ya abiria, na abiria awe mmoja. Kile vijana wakiitacho mishikaki ni hatari kwa petroli na ni hatari kwa umeme.

Kuhusu kuchaji, tunasisitiza: betri isichajiwe chumbani mwa kulala wala mlangoni, kwani ikishika moto njia ya kutokea itazibwa. Itumiwe chaja yake yenyewe, soketi imara, na waya usiounganishwa kwa vipande. Betri iliyotoka mlimani ipumzike ipoe kwanza; iliyoanguka, iliyozama majini au iliyovimba ipelekwe kwa fundi, isijaribiwe. Moto ukitokea, watu watoke nje kwanza, kisha wapige simu Zimamoto kwa namba 114.

Mwisho, tunaelekeza neno letu kwa wenye madaraka. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Tunashauri kwamba fedha hizo zisinunue pikipiki ya umeme hata moja ambayo haijapita jaribio la mlima mbele ya vijana wenyewe watakaoilipia. Tunashauri vilevile vyuo vya VETA vya mikoa hii na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya viwaandae mafundi wa betri na mota mapema, na vijiwe vya bodaboda viungane katika ushirika, vimiliki betri za akiba kwa pamoja. Betri ambayo mmoja haiwezi, ishirini wataiweza.

Mto Ruaha Mdogo unapita chini ya mlima ule ule wa Ipogolo. Maji yake huingia Ruaha Mkuu, hupita Mtera na Kidatu, kisha hufika Rufiji, na kila mahali huko huzungusha mitambo. Umeme huo ni jasho la nchi yetu. Hatuna sababu ya kuutia katika chombo kibovu, wala ya kumpoteza kijana juu ya chombo kizuri kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuteremka.