Saratani ya Titi Ikirudi, Huenda Isirudie Titini

Mama aliyekatwa titi, akavuka bahari kwenda kupigwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, hurudi Unguja akishukuru kuwa yamekwisha. Miaka inapita. Kisha mgongo unaanza kuuma, au akila kidogo tumbo linajaa. Watu wa nyumbani husema ni uzee, au ni vidonda vya tumbo.

Ifahamike kuwa chembe chache za saratani zinaweza kutoka titini kabla ya upasuaji, zikapita kwenye damu na kujificha mwilini. Huweza kulala miaka 5, 10, hata 20, kisha zikaamka. Zikiota kwenye mfupa, hiyo bado ni saratani ya titi, na hutibiwa kama saratani ya titi.

Mara nyingi huenda kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Lakini iko aina inayoanzia kwenye vitezi vya kutengeneza maziwa. Hiyo huweza kushika hata tumbo, utumbo au ovari, na dalili zake zikafanana na vidonda vya tumbo. Mgonjwa akanywa dawa za vidonda miezi mingi bila nafuu.

Saratani inayolishwa na homoni ndiyo yenye tabia ya kurudi baada ya muda mrefu. Kwa sababu hiyo wagonjwa wake wengi hupewa tamoksifeni kwa miaka 5 au 10. Dada, usiiache kwa kujiona mzima. Kidonge ni mara moja kwa siku. Mwezi wa Ramadhani muulize daktari wako kuhusu kukinywa baada ya futari.

Basi tufanye nini?

Kwanza, hifadhi karatasi zako zote za matibabu. Pili, uendapo Mnazi Mmoja, Kivunge au Makunduchi, hata kwa kikohozi, anza kwa kusema: "Niliwahi kuugua saratani ya titi." Tatu, usikae na maumivu ya mfupa yasiyopoa, pumzi kubana, macho kuwa manjano, au uvimbe kwenye kovu au kwapani. Miguu ikilegea ghafla pamoja na maumivu ya mgongo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Si kila maumivu ni saratani. Na hata ikirudi, zipo dawa za kuizuia isienee na za kutuliza maumivu. Nanyi waume, msimwache mama aende peke yake.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.