Sura ya 6: Kabati la Fundi

Mteja alikuja kuchukua doti yake ya khanga, nikamwambia akae sebuleni dakika mbili tu. Nilijua imo ndani ya kabati kwa kuwa niliiweka mwenyewe. Nikashusha shelfu ya juu, nikashusha ya kati, nikamwaga kopo la biskuti lililojaa vifungo. Baada ya karibu saa nzima niliikuta nyuma ya mfuko wa masalia, imekunjwa vizuri kabisa. Nilikuwa nimeificha isichafuke. Chai ya yule mama ilikuwa imeshapoa, na yeye pia.

Anayeshona, kuchora au kusuka shanga nyumbani hana stoo wala mtunza stoo. Ana kabati moja la ukutani, lililojengwa kwa ajili ya mashuka, na humo ndimo zinamokaa malighafi, zana, oda za watu, patani za karatasi, na vile vitu vya "iko siku nitavishona". Ushauri wa kawaida ni kupanga kwa aina: vitenge huku, nyuzi kule, zipu pale. Kwa duka ni sawa, maana mgeni anaingia hajui kilipo chochote. Wewe si mgeni kwenye kabati lako. Lipange kwa kufuata mkono wako: unaenda wapi, na mara ngapi kwa wiki.

Kabla hujaliona rundo kuwa ni uvivu, lichunguze. Mwaka 1983 mtafiti Mmarekani, Thomas Malone, alichapisha uchunguzi wake wa jinsi watu wa ofisini wanavyopanga meza zao. Aliwakuta wanaofaili na wanaorundika, na akaona kwamba rundo lina kazi: linamkumbusha mtu kilichobaki kufanywa. Miaka kumi baadaye, huko Japani, mchumi Yukio Noguchi aliandika kitabu akiwashauri watu waache kugawa karatasi kwa mada. Kila jalada litiwe kwenye bahasha, bahasha zisimamishwe kwa mstari mmoja, na ukitumia moja uirudishe mwanzoni mwa mstari. Zisizoguswa hujisogeza zenyewe hadi mwisho, ukajua za kutupa bila kuzifungua.

Kumbe hesabu ilikuwa imeshamtetea. Mwaka 1985 Daniel Sleator na Robert Tarjan, wataalamu wa sayansi ya kompyuta, walithibitisha kwamba orodha inayorudisha mbele kilichotumika mwisho haitakugharimu zaidi ya takribani mara mbili ya mpangilio wa mtu aliyejua mapema utatafuta nini kesho na keshokutwa. Sisi hatujui kesho atakuja mteja gani, na bado hasara yetu ina mpaka. Kwa fundi mwenye kabati moja, hiyo ni habari njema kuliko lebo zote za rangi.

Basi shelfu iliyo kati ya kiuno na macho iwe ya kazi za wiki hii. Ya chini ibebe vizito, ya juu ibebe vya msimu, kama satini za harusi na sare za shule. Kilichotoka kwenye cherehani kirudi mbele, upande wa kulia, kila mara. Na vitambaa usivilaze kimoja juu ya kingine. Kitenge cha yadi 6 kizungushie ubao wa boksi, kisha kisimamishe kama kitabu. Utachomoa cha katikati na vingine vitabaki wima. Vikilala, unachomoa kimoja vinaanguka vitano, unavirudisha kwa hasira, na hapo ndipo fujo inapoanza upya.

Tatizo kubwa ni masalia. Marie Kondo wa Japani anamtaka mtu ashike kitu na kujiuliza kama kinampa furaha. Swali hilo halimsaidii mshonaji hata kidogo, kwa sababu kila kipande kinampa furaha! Mimi natumia swali kavu zaidi: hiki kitakuwa nini? Kama jibu ni "mfuko wa gauni la bluu", kinabaki. Kama jibu ni "kitafaa tu", kinaingia kwenye gunia la kujazia mito, na gunia likijaa linatoka nyumbani.

Siku ya kupanga, toa vyote utandaze kwenye mkeka. Hospitali ya rufaa ya Mbeya ilipoanza kutumia mpango wa Kijapani wa hatua tano mwaka 2007, kazi ilikuwa na sura hiyohiyo, na hatua zake zikapata majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. La kwanza nalipenda. Kusasambua ni kuvua kimoja kimoja hadi kilichomo kionekane. La mwisho ndilo linalotushinda wengi.

Kwa sisi wa pwani, chagua siku ya jua, si wakati wa masika. Kabati liache nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani, hewa ipite, la sivyo kuvu watakutangulia. Usifunge kitambaa kwenye nailoni kikiwa na unyevu wa pasi. Zile tembe nyeupe za nondo usizinunue kwa ajili ya vitenge, kwani viwavi wa nondo wa nguo hula sufu na hariri, hawali pamba. Anayeharibu kitenge kipya ni yule mdudu mwembamba wa rangi ya fedha, anayefuata wanga uliotiwa kiwandani. Tembe zenye naftalini zina hatari pia: mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu. Chumba cha kazi cha nyumbani kwa kawaida ni chumba ambacho watoto nao wanachezea.

Oda za watu ziwe na shelfu yao peke yake. Kila moja ikae kwenye mfuko wake wa kitambaa, na karatasi yenye jina, vipimo na tarehe ibanwe kwa pini nje, si ndani. Usichanganye mali ya mteja na yako hata kwa usiku mmoja. Na kama kuna doti ya mtu humo ndani sasa hivi, inuka ukaitazame ilipo kabla hujafungua sura ya 7.