Moshi wa Pikapu Kuukuu na Nguvu Iliyopotea

Barabara itokayo Gisenyi kwenda Musanze haimstahi mwenye gari bovu. Kutoka Nengo, karibu na Ziwa Kivu, ambako uso wa maji uko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, gari hupanda kupitia Bigogwe mpaka Mukamira, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,200. Katika kupanda huko ndiko pikapu kuukuu ya dizeli hutoa siri zake. Dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho, gari hutambaa kwa gea ya pili, na nyuma yake hutanda moshi unaowafanya waendesha baiskeli wafunike pua.

Hapo ndipo husikika lile neno linalozitia hofu nyumba nyingi: injini imekwisha. Mara nyingi neno hilo hutamkwa kabla hata boneti haijafunguliwa. Kumbe moshi una rangi yake na una wakati wake wa kutoka, na mambo hayo mawili, yakisomwa kwa makini, huonyesha mahali pa kuanzia kazi. Aghalabu mahali hapo ni pa gharama ndogo.

Moshi mweusi ndio wa kwanza kutazamwa, kwa kuwa ndio uendao sambamba na kupotea kwa nguvu. Mama yeyote aliyewahi kupika kwa kuni anaujua. Jiko lililoshindiliwa kuni likakosa hewa hutoa moshi mzito na moto hafifu. Injini ya dizeli haina tofauti: mafuta yakizidi hewa, yale yasiyoungua hutoka kama masizi, na nguvu iliyotazamiwa hupotea pamoja nayo. Swali la kwanza basi ni hili: hewa inapita? Vumbi la ardhi ya volkano, ambalo wakazi wa Gisenyi na Goma wanalijua vyema, ni chembechembe zenye makali, nazo huziba chujio la hewa upesi wakati wa kiangazi. Chujio la karatasi litolewe na kuelekezwa kwenye jua au taa. Ikiwa mwanga haupenyi, ugonjwa umeonekana. Lisioshwe kwa petroli, wala lisipigwepigwe ukutani mpaka likapasuka, maana chujio lililotoboka ni baya kuliko lililoziba: huruhusu vumbi liingie na kusaga silinda. Magari ya zamani zaidi yana chujio lenye bakuli la oili. Hilo hutaka kusafishwa na kujazwa hadi kwenye alama, wala si zaidi ya hapo.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa nyanda za juu hawana budi kulijua. Hewa ya Gisenyi ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa kadiri ya sehemu 15 katika 100, na ya Mukamira ni nyepesi zaidi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu 1 katika 100 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo pikapu inayoonekana nzito Mukamira yaweza kuwa haina ugonjwa wowote. Vilevile gari ambalo pampu yake ilirekebishwa kwa hewa ya pwani litatoa moshi mweusi likifika milimani, kwa sababu lapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Dawa ya gari kama hilo ni kupunguza mafuta kidogo, kazi ifanywayo na fundi wa pampu mwenye vipimo. Wapo makanika wafanyao kinyume chake: mteja akilalamika kwamba gari halina nguvu, huikaza skrubu ya pampu ili mafuta yazidi. Siku mbili tatu gari huonekana limechangamka, kisha joto hupanda, na mwisho wake ni pistoni iliyoungua. Huo si ufundi.

Ichukuliwe familia ya sajini mstaafu wa Nengo, aliyenunua pikapu kwa kiinua mgongo chake ili abebe viazi na karoti kutoka Bigogwe. Moshi mweusi unaanza, na mzigo uliokuwa ukipanda kwa gea ya tatu sasa hautaki hata ya pili. Makanika anasikiliza kidogo na kusema, "Afande, injini hii imekwisha. Tuifungue." Fedha zilizomo nyumbani ni za karo ya watoto wawili. Mke wake, ambaye hajawahi kushika spana, ndiye anayeuliza swali lenye maana: "Fundi, moshi huu ulianza ghafula au polepole? Na mbona oili hatujaongeza?" Swali hilo lina uzito kuliko lionekanavyo. Injini iliyochakaa ringi na silinda haichakai kwa juma moja, na kwa kawaida hula oili. Nguvu iliyopotea ghafula, bila oili kupungua, huelekeza kidole kwenye hewa, mafuta, au kitu kilichoachia. Kabla ya kuzitoa fedha za karo, familia hiyo ina haki ya kudai chujio la hewa, chujio la dizeli na nozeli vikaguliwe kwanza. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza hutoa moshi mweusi na mlio wa kugonga, nayo hupimwa nje ya injini bila kufungua silinda hata moja.

Moshi wa buluu ni habari nyingine. Huo ni oili inayoungua, na hapa wakati wa kutoka ndio unaosema kweli. Ukitoka kwa mkupuo asubuhi gari linapowashwa, au baada ya kuteremka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, kisha ukatoweka, hushukiwa sili za valvu, ambazo ni kazi ya kiasi. Ukitoka mfululizo gari linapopanda na mzigo, na mvuke ukapuliza kwa nguvu pale kifuniko cha kujazia oili kinapofunguliwa injini ikiwa inanguruma taratibu, basi ringi na silinda zimechoka. Hata hivyo kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, kifanywe kwanza. Fundi aandike namba za silinda zote na kumwonyesha mwenye gari. Silinda moja ikiwa chini sana na nyingine ziko sawa, huenda tatizo ni valvu au gasketi, wala si injini nzima.

Moshi mweupe usiwatishe watu bure. Kule Bigogwe, asubuhi yenye baridi, mvuke mweupe wa dakika chache ni wa kawaida. Moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli huku injini ikitetemeka ni mafuta yasiyowaka: plagi za kupashia joto zimekufa, au majira ya pampu yamehama. Lakini ule usiokoma hata injini ikipata moto, huku maji ya radieta yakipungua bila kuvuja chini, ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Kijiti cha oili kichomolewe. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gari lisiwashwe tena, bali livutwe hadi gereji. Kifuniko cha radieta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, na watoto wakae mbali.

Yako pia magari yaliyopoteza nguvu bila moshi wowote, na hayo ndiyo yanayowachanganya wengi. Dizeli iliyonunuliwa katika madebe huja na maji na takataka. Chujio lenye koki chini lifunguliwe kidogo, maji yatoke. Klachi inayoteleza hufanya injini ipige kelele huku gari likibaki pale pale. Breki inayoshika hujulikana baada ya mwendo mfupi: mkono ukisogezwa karibu na ringi ya gurudumu bila kuligusa, gurudumu moja litakuwa na joto kuliko mengine. Na lipo kosa dogo la kuchekesha, ambalo limewagharimu watu fedha nyingi: zulia lililokunjamana chini ya pedali ya mafuta. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage pedali hadi mwisho na mwingine atazame mkono wa pampu. Usipofika mwisho, waya umelegea au kuna kitu kinauzuia. Kazi hiyo mtoto wa shule aweza kumsaidia baba yake.

Mambo mawili yasijaribiwe nyumbani. Mipira na mabomba ya kwenda kwenye nozeli yasilegezwe kwa mkono mtupu injini ikiwa inanguruma, kwa sababu dizeli hutoka hapo kwa mgandamizo wa zaidi ya mara 100 ya ule wa hewa, na yaweza kupenya ngozi ya kidole. Jeraha hilo huonekana dogo kama la sindano, lakini ni la kukimbizwa hospitali siku ile ile. La pili, injini isiwashwe kwa muda mrefu ndani ya banda lililofungwa, hata kama moshi hauonekani, maana hewa yenye sumu haina rangi wala harufu.

Askari aliyewahi kuendesha gari la kikosi anaijua desturi ya kuandika safari, mafuta na oili kabla ya kuondoka. Daftari la kurasa 40, likiwekwa ndani ya pikapu ya nyumbani, lafaa sana: tarehe, kilomita, lita za dizeli, oili iliyoongezwa, rangi ya moshi na mahali ulipotoka. Injini inayodai lita 1 ya oili kwa kila kilomita 1,000 imeanza kuchoka kweli, na daftari hilo ndilo la kumwekea makanika mbele yake kabla hajachukua spana.