Usiupake Mkanda Kitu Chochote

"Fundi, shikamoo. Mkanda unateleza. Nipake nini?"

Simu ya mwisho ya namna hii imetoka Nakapanya, wilayani Tunduru. Aliyepiga alikuwa bado amekalia chombo, mifuko ya salfa nyuma yake, injini inanguruma na matairi hayaendi. Swali hili nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka. Leo nalijibu kwa kalamu, na atakayefuata nitamwambia asome. Usipake kitu. Si sabuni, si soda, si ulimbo, si poda, si mafuta ya ganda la korosho. Hasa hayo ya korosho.

Nazungumzia pikipiki za matairi manne za kazi, automatiki, za ukubwa wa kati: Yamaha Kodiak 450, ambayo injini yake kwa kweli ni ya cc 421, Suzuki KingQuad 400 yenye cc 376, na za Kichina kama CFMoto zinazolingana nazo. Wenye nazo wanazisifu, na sifa nyingi ni za haki. Kati ya Nakapanya na Tunduru mjini kuna lami, kilometa 66.5, na juu ya lami kila chombo ni hodari. Ukiiacha lami kuingia mashambani, mchanga unaanza. Guta linazama. Bodaboda inabeba gunia moja kwa kumwomba Mungu. Hii inapita, inarudi kinyumenyume, inavuta tela, na dereva hana klachi ya kubana wala gia ya kukanyaga. Dole gumba linasukuma resi, basi. Yanapokuja malalamiko, nusu ni bei ya petroli. Nusu nyingine ni mkanda.

Imani ya kupaka imetoka mashineni. Waliokulia kwenye mashine za kusaga za zamani wanajua kwamba mkanda bapa ukianza kuteleza hupakwa ulimbo, nao hushika. Ni kweli. Dereva wa Fuso naye anajua kwamba mkanda wa feni ukipiga kelele husuguliwa sabuni ya mche, nao hunyamaza. Hiyo ni nusu kweli: umenyamaza, ila haujakazwa. Sasa watu hawa wawili wakifungua mfuniko wa pikipiki ya matairi manne wakakuta mkanda, wanadhani wamekutana na ndugu wa siku nyingi. Wamefananisha.

Mkanda wa mashine ya kusaga hukaa mahali pamoja juu ya puli maisha yake yote. Huu kazi yake ni kuhama. Kila puli ina sahani mbili za mteremko zinazotazamana. Sahani zikikaribiana, mkanda unasukumwa kupanda ukingoni. Zikiachana, unadidimia kuelekea katikati. Puli ya mbele ikiupandisha na ya nyuma ikiushusha, chombo kimebadilisha gia bila kubadilisha gia. Ili hayo yafanyike, kuta za mkanda zinatakiwa kubanwa sawasawa, na papo hapo ziwe huru kupanda na kushuka juu ya chuma. Paka ulimbo uone. Mkanda unanata palepale ulipo. Unataka chombo kiondoke na gia ndogo, chenyewe kimeng'ang'ania kubwa. Kisha unabanduka kwa kishindo na kukurusha mbele. Vumbi linaloingia na hewa ya kupooza, ambalo lingepita na kutoka, sasa linanasa. Ulimbo ukichanganyika na mchanga wa Tunduru ni msasa, na huo msasa umeuweka mwenyewe kati ya mkanda na puli. Mkanda ni wa kununua. Puli nayo ni ya kununua, ila bei yake itakukalisha chini.

Mengine nayamaliza haraka kwa sababu hayastahili wino. Sabuni ikikauka ni unga, ikilowa ni utelezi, na hakuna inapokuwa gundi. Soda ni sukari na maji; maji yakikauka, sukari inaungua juu ya puli. Poda ya mtoto imetengenezwa kupunguza msuguano, kwa hiyo anayeipaka mkanda unaoteleza anauongezea anachoulalamikia. Kuusugua mkanda kwa msasa hadi "uwe mbichi" kunaupunguza upana, na mkanda mwembamba unakaa chini ya pale ulipopimiwa. Bandu bandu huisha gogo.

Sasa korosho. Hoja hii inanichosha kuliko zote kwa sababu ina elimu kidogo ndani yake. Mkulima mmoja, mtu mzima anayeheshimika, alinieleza kwa kujiamini: "Mwanangu, haya mafuta ya ganda ndiyo wanayotengenezea breki za magari huko nje. Breki kazi yake si kushika? Basi na mkanda utashika."

Mwanzo wa maneno hayo ni kweli, mzee wangu. Viwanda hutumia mafuta ya ganda la korosho kutengeneza vitambaa vya breki. Lakini hakuna kiwanda kinachoyapaka. Hupikwa pamoja na kemikali nyingine hadi yanakuwa magumu, yanasagwa kuwa unga, na unga huo unachanganywa na malighafi nyingine na kukandamizwa kwa joto. Kinachoshika ni hicho kigumu kilichotoka kiwandani. Mabichi ni mafuta tu, tena ya kuunguza. Mwulize mama yeyote aliyebangua korosho kwa mkono yanavyofanya vidole. Na viwanda vya mpira navyo vinayajua, ila huyatumia kwa kazi ya kinyume kabisa na unayoitaka: kuulainisha mpira. Mkanda wako ni mpira uliofunika nyuzi imara. Ukiulainisha mpira, nyuzi zinakosa wa kuzishikilia.

Chombo kimoja kilichopewa dawa hiyo kililetwa kwangu juu ya Fuso. Mfuniko ulikataa kutoka hata baada ya bolti zote kufunguliwa, maana lastiki yake ilikuwa imegandishwa na utomvu mweusi. Ndani, sahani za puli ya mbele zilikuwa na pete ya kahawia iliyokauka, ambayo kucha haikuweza kuibandua. Mkanda ulikuwa umevimba upande mmoja, na baadhi ya meno ya tumboni yalikuwa yameng'oka yakabaki mashina. Vyuma vidogo vya uzito vilivyomo ndani ya puli, ambavyo vinatakiwa kucheza huru, vilikuwa vimekwama. Mwenyewe aliniambia dawa ilisaidia. Kwa muda gani? "Hadi mtoni."

Kwa nini basi mkanda unateleza? Jibu limo kwenye vyuma hivyo vya uzito. Injini ikizunguka, vinatupwa nje, na vikitupwa nje vinasukuma sahani ibane mkanda. Nguvu hiyo hukua haraka kuliko mzunguko wenyewe: mzunguko ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Mzunguko ukiwa mdogo, hakuna wa kubana. Umepakia mzigo, uko kwenye mchanga, unakwenda mwendo wa mtu anayetembea, injini inajikokota: hapo mkanda haujabanwa vya kutosha, unateleza, unachemka, na kuta zake zinakauka na kung'aa. Kuta zilizong'aa huteleza zaidi. Mwenye chombo anaona kuteleza, hauoni mzigo wala mchanga, anatafuta kopo.

Dawa ya hali hiyo imo kwenye chombo tangu kiwandani. Angalia kando ya goti lako: kuna wenzo wenye herufi, zikiwamo H ya mwendo mkubwa na L ya mwendo mdogo. Nashangaa mtu anayeniambia kwamba automatiki haina gia huku ameushika wenzo wa gia. Automatiki inakuchagulia mkanda ukae wapi. Haikuchagulii kati ya H na L, kwa sababu haijui umepakia nini wala unaelekea wapi. Wewe unajua. Ukiweka L, gia zilizo nyuma ya mkanda zinapunguza mwendo wa magurudumu, injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule wa mguu, vyuma vinatupwa, sahani zinabana. Mkanda unashika ukiwa mkavu na mtupu, kama ulivyokusudiwa.

Wapo wanaoamini kwamba kutumia L ni kuitesa injini, kwa sababu inalia. Injini inayolia katika L ina nafuu. Inayoteseka ni ile inayonguruma kwa sauti nzito katika H huku harufu ya mpira ikipanda. Na mikanda hii isiitwe mambo ya Wachina. Kampuni ya DAF ya Uholanzi, hao hao wa malori, ilizindua gari dogo la DAF 600 mwaka 1958 likiendeshwa kwa mikanda na puli za namna hii, na masharti ya mkanda ni yaleyale tangu hapo: ukavu, usafi, na mzunguko wa kutosha.

Yapo makampuni, Yamaha wakiwamo, yaliyokwenda njia tofauti kidogo: mkanda wao hukazwa muda wote, na kuteleza kwa kuondokea kunafanywa na klachi inayoogelea kwenye oili. Unavumilia zaidi. Wenye Kodiak wasijisifu sana. Nao L wamewekewa, na si pambo.

Mikanda mingi inayofika kwangu imeungua kwa sababu mbili zaidi. Ya kwanza ni kupandisha chombo kwenye Fuso kikiwa H, kwenye mbao mbili, watu wanapiga kelele "ongeza!" Ya pili ni kukwama kwenye tope la masika na kuendelea kusukuma resi. Matairi yamesimama, mkanda umesimama, puli ya mbele inazunguka na kuuchoma mahali pamoja. Kesho yake chombo kinapiga du-du-du kila mkanda unapozunguka na kupitisha kidonda kile. Hakuna cha kupaka hapo, huo umekufa.

Salfa nayo, dawa ya ubwiri unga wa mikorosho, tuiseme. Unga wake haumli mkanda, ila unaingia kwenye bomba la hewa ya kupooza na kutuama kwenye puli. Egesha chombo upande upepo unakotoka wakati wa kupuliza. Na usibebe mfuko uliochanika karibu na silensa: salfa inawaka, na silensa ya chombo kilichotoka kuvuta mzigo ina moto wa kutosha kuiwasha. Majani makavu yanayonasa pale chini yaondoe kila jioni kwa sababu hiyohiyo.

Sasa ya kufanya, kwa ufupi. Mzigo, mchanga, mlima, tela, au mwendo usiofika kilometa 10 kwa saa: L. Kubadilisha H na L, simama kwanza. Umekwama: achia resi, shusha mzigo, tumia winchi au watu. Umevuka mto na mkanda umelowa: toa kizibo kilicho chini ya mfuniko maji yatoke, weka N, pandisha resi kwa muda mkanda ujikaushe, ndipo uondoke. Usipitishe uzito ulioandikwa kwenye chombo: Kodiak 450 ni kilo 40 mbele, kilo 80 nyuma, na kuvuta kilo 600. Kwa mifuko ya salfa ya kilo 25, nyuma ni mitatu, si sita. Matairi yake ni ya upepo mdogo, PSI 5 hivi. Anayejaza 30 kama ya gari anajinyima mshiko na kujitafutia kupinduka. Ni chombo cha mtu mmoja, na kofia ngumu ni ya kuvaa kichwani, si ya kuning'iniza kwenye mkono wa usukani.

Mkanda upimwe upana kwa venia na ulinganishwe na kipimo cha kitabu cha chombo. Ukipungua chini ya hapo, badilisha. Ukifunga mpya, safisha sahani zote kwa kitambaa na spiriti, fuata mshale uliochorwa mgongoni mwa mkanda, na uendeshe taratibu mwanzoni bila mzigo mzito. Mkanda wa skuta hauingii hata kama fundi jirani anaapa. Uliopakwa sabuni unaweza kuoshwa kwa maji na kukaushwa kabisa. Uliopakwa mafuta ya aina yoyote, tupa. Asiyetaka habari za mkanda maishani atafute Honda Rancher 420 automatiki, inayotumia gia na klachi mbili badala ya mkanda. Na ambaye mzigo wake hauiachi lami, anunue guta, aokoe pesa zake.

Mwenye chombo cha mkanda aagize wa akiba Dar es Salaam mapema, mikorosho ikiwa bado haijachanua. Ukikatika katikati ya msimu wa kupuliza, wewe utasubiri kifurushi, lakini ubwiri unga hausubiri mtu.