Tamthilia Haikuandikwa Isomwe Kimya

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumwona mtoto wa sekondari akihangaika na tamthilia kwa ajili ya mtihani. Tamthilia yenyewe imefunikwa mezani. Mkononi ana kijitabu cha mwongozo kinachomweleza dhamira ni zipi, mhusika fulani ana sifa gani, na maswali yaliyokwisha kuulizwa ni yapi. Hukariri, na pengine hufaulu, lakini baada ya hapo hataki tena kusikia hata jina la tamthilia hiyo. Ada imelipwa na cheti kimepatikana, ila fasihi yenyewe imepita mlangoni bila kubisha hodi.

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kuikaribisha ndani, nayo ni kutumia maonyesho ya jukwaani yaliyorekodiwa kwa filamu. Tutachukua mfano wa tamthilia moja tu, Julius Caesar ya William Shakespeare. Si ngeni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

KITABU KILIKUJA BAADAYE

Yafaa tuanze na jambo ambalo mara nyingi halisemwi darasani. Tamthilia hii ilichezwa London mwaka 1599. Msafiri mmoja kutoka Uswisi aliyeitazama mwezi Septemba mwaka huo aliacha maandishi yake. Lakini haikupigwa chapa hadi mwaka 1623, miaka saba baada ya mtunzi kufariki dunia. Kwa muda wa miaka 24, basi, wakazi wa London walioijua Julius Caesar waliijua kwa macho na masikio. Kitabu cha kununua hakikuwapo.

Kumbe tunapompa kijana kitabu na kumwambia akakisome peke yake kimya kimya, tunamnyima nusu ya kitu chenyewe. Tumempa maneno, lakini sauti, kituo, mwendo, na nyuso za wanaosikiliza hatukumpa. Anayesoma tamthilia kwa namna hiyo ni sawa na mtu anayesoma maneno ya wimbo asioujua mahadhi yake.

FILAMU ZA AINA MBILI

Hapana budi tutofautishe aina mbili za filamu. Ya kwanza ni ile inayotengenezwa na watu wa sinema, kama Julius Caesar ya Marekani ya mwaka 1953 ambamo Marlon Brando alikuwa Mark Antony. Humo hakuna jukwaa wala watazamaji. Ya pili ni onyesho halisi la jukwaani, lililochezwa mbele ya watu waliokata tiketi, likarekodiwa kwa kamera kadhaa zilizowekwa ukumbini. Hii ya pili ndiyo tunayoizungumzia.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1964 Hamlet iliyochezwa New York na Richard Burton ilirekodiwa na kuonyeshwa katika majumba ya sinema kwa siku mbili tu, kwa makubaliano kwamba nakala zake ziteketezwe. Nakala moja ilisalimika, ikapatikana katika mali za Burton baada ya kifo chake mwaka 1984. Mwaka 2009 ukumbi wa National Theatre wa London ulianza kurusha maonyesho yake moja kwa moja hadi kwenye majumba ya sinema, ukianza na Phèdre ya Mfaransa Racine. Na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga milango ya kumbi, ukumbi huo ulitoa maonyesho kadhaa bure katika mtandao, kila moja kwa juma moja. Hivyo mlango uliokuwa wazi kwa wakazi wa miji michache tajiri ulifunguka kidogo kwa walio mbali.

HOTUBA MBILI

Sasa tuingie katika tendo la tatu. Kaizari amekwisha kuuawa. Brutus anasimama mbele ya umma wa Roma, anaeleza sababu zake kwa lugha ya mjazo, kwa mantiki iliyopangwa vizuri, na umma unamshangilia. Kisha anafanya kosa kubwa: anamwachia Mark Antony nafasi ya kusema, naye mwenyewe anaondoka. Antony anasema kwa ushairi. Anautaja wosia wa Kaizari lakini hausomi. Anawakusanya kuuzunguka mwili, anashuka. Anawaonyesha watu vazi lililotobolewa kwa majambia. Anapousoma wosia hatimaye, kwamba kila raia ameachiwa drakma 75, mji umekwisha kuwaka moto.

Kitabuni, maneno ya raia ni mafupi sana: wa kwanza anasema neno, wa pili anaitikia. Mwanafunzi huyaruka. Jukwaani, watu hao ndio nusu ya habari yote, kwa kuwa ndani ya dakika chache tunawaona wakigeuka kutoka upande huu hadi upande ule, na tunajiuliza kama sisi tungegeuka pia. Mara baada ya hapo kundi hilo hilo linamkamata mshairi aitwaye Cinna na kumuua, ingawa anajitetea kwamba yeye siye Cinna aliyeshiriki njama. Katika kitabu kisa hicho hakijazi kurasa mbili. Anayekitazama hakisahau.

Waongozaji hawafanani katika kulitazama tendo hilo. Mwaka 2012 Gregory Doran wa Royal Shakespeare Company aliiweka Roma katika nchi ya Afrika ya siku hizi, kwa waigizaji weusi watupu, na onyesho hilo likatengenezewa filamu ya televisheni. Mwaka huo huo Phyllida Lloyd aliichezesha kwa wanawake watupu, wakiigiza kama wafungwa gerezani. Nalo lilikuja kurekodiwa. Mwaka 2018 Nicholas Hytner, katika ukumbi wa Bridge wa London, aliwasimamisha watazamaji waliokata tiketi kulizunguka jukwaa, wakawa wao ndio umma wa Roma. Mwanafunzi akiona hotuba moja ikitamkwa katika mazingira matatu mbalimbali, ataelewa pasipo mhadhara mrefu kwamba tamthilia haina maana moja iliyofungwa katika kijitabu cha mwongozo.

NAMNA YA KUFANYA

Mzazi, usidhani kazi hii ni ya mwalimu peke yake. Nyumbani inawezekana, hata kwa simu moja, ikifanywa kwa utaratibu.

Kwanza, someni. Chukueni tafsiri ya Mwalimu na msome hotuba hizo mbili kwa sauti. Baba awe Brutus, binti awe Antony, waliobaki wawe umma, na wasione haya kupiga kelele. Hivyo lugha ya Kiingereza cha miaka mia nne iliyopita haitamtisha mtu filamu itakapoanza, kwa sababu kila mmoja atakuwa amekwisha kujua linalosemwa.

Pili, tazameni kipande kifupi. Onyesho zima huchukua saa mbili au zaidi, na mtoto aliyechoka hajifunzi. Hotuba hizo mbili zinatosha kwa siku moja.

Tatu, simamisheni na mwulizane. Antony anao wosia mkononi. Kwa nini hausomi? Raia gani amegeuka kwanza, na ameguswa na neno gani? Je, mwigizaji huyu analia kweli, au anawachezea watu?

Nne, tazameni tena kwa waigizaji wengine, mlinganishe.

Tano, rudini kitabuni. Hili ni la lazima. Kila jibu lithibitishwe kwa maneno yaliyoandikwa. Mtahini hataki kusikia habari za gereza la wanawake ambalo Shakespeare hakuliandika.

TAHADHARI

Filamu nayo ina udhaifu wake. Aliyeketi ukumbini huchagua mwenyewe pa kutazama. Anayetazama filamu amechaguliwa na kamera. Inapokaza uso wa Antony, umma umefichwa. Basi lipo swali moja la kuuliza kila mara: kamera imetunyima nini hapa? Tena waongozaji hupunguza maneno, na pengine mistari ambayo mtoto ataulizwa haimo kabisa katika filamu. Tuzingatie pia haki za wenye kazi: rekodi nyingi hutolewa kwa malipo, na shule kadhaa zikichanga kwa pamoja gharama hupungua. Mwalimu anayedhani kuwa kazi yake ni kuwasha mashine na kwenda kusahihisha madaftari ofisini hajafundisha kitu.

NA TAMTHILIA ZETU JE?

Hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 2012, katika tamasha la ukumbi wa Globe la London lililokusanya tamthilia 37 kwa lugha 37, kikundi kutoka Kenya kilicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, na onyesho likarekodiwa. Lugha yetu ilihifadhiwa kwa namna hiyo ugenini. Huku nyumbani, tangu Ebrahim Hussein alipotoa Kinjeketile mwaka 1969, tamthilia hiyo ya vita vya Maji Maji imechezwa na vizazi vya wanafunzi. Mangapi kati ya maonyesho hayo anaweza kuyatazama kijana anayeisoma leo? Hali ni hiyo hiyo kwa tamthilia za Penina Muhando na Edwin Semzaba: kitabu kipo, sauti imepotea.

Dawa yake si ghali. Shule inapocheza tamthilia, simu moja iwekwe nyuma juu ya kiti kirefu, imara, ione jukwaa zima. Nyingine ikae karibu, ifuate nyuso. Kipaza sauti kisogezwe kwa waigizaji, kwa maana picha hafifu huvumilika lakini sauti isiyosikika haina faida. Ruhusa ya mtunzi au mchapishaji iombwe, na wazazi wa watoto waulizwe kabla rekodi haijasambazwa. Kisha nakala itunzwe katika maktaba ya shule, na wanafunzi wa mwaka ujao waitazame, waikosoe, wacheze yao iliyo bora zaidi.

Mzazi mwenzangu, katika mkutano ujao wa shule, watakapomaliza habari za ada na madawati, simama uulize: tamthilia wanayosoma watoto wetu mwaka huu itachezwa lini, na nani ataishika kamera?