Hesabu ya Wati 75

Huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, Katoro na Geita, kasha zima la kompyuta ya mezani huitwa sipiyu. Yangu ni Dell OptiPlex 7010, mtumba uliostaafu ofisini kwa watu kabla haujaja kunitumikia mimi. Kila nikiifungua nakutana na vumbi lile lile jekundu la barabara na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, limeganda kwenye feni kama unga wa muhogo uliolowa. Ukilifuta, ubavuni mwa pawa saplai inatokea lebo: 275W. Anayetaka kuongeza kadi ya grafiki aanzie kwenye namba hiyo. Jina la kadi litafuata.

Prosesa ya i5-3470 iliyomo kwenye nyingi ya mashine hizi imepangiwa wati 77. Mazabodi, ramu, diski na feni nazikadiria wati 45. Hapo ni 122, na zinabaki 153. Mtu atasema basi kadi ya wati 150 itatosha. Haitoshi, kwa sababu tundu la PCI Express linalobeba kadi hutoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi hudai waya wake kutoka pawa saplai: wa pini 6 huleta wati 75 nyingine, wa pini 8 huleta 150. Pawa saplai ya kiwandani ya 7010 haina hata mmoja. Dari ni 75.

Chini ya dari hiyo zimo kadi chache tu. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inakula wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 zinakula 75 kila moja, ingawa 1650 nyingine zimetengenezwa na tundu la pini 6, hizo ziache. RX 6400 ya 2022 inakula 53. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, inakula 70. Angalia vizuri hapo, maana ndugu yake wa GB 8 anakula 130, na majina yao dukani yanafanana kama mapacha.

Nje ya dari kuna kishawishi kimoja kikubwa, RX 580 ya GB 8. Zilizagaa kwenye mitumba baada ya Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi. Ukimwambia mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu kwamba kadi hii ilikuwa "inachimba" atacheka, lakini maana haiko mbali sana: imefanya kazi usiku na mchana, kwenye joto, bila kupumzika. Inakula wati 185. Jumlisha na zile 122 upate 307 kwenye pawa saplai ya 275. Hata ukiiungia waya kwa adapta, mashine inaweza kuwaka na kufungua Windows vizuri, halafu ikazima ghafla pale kazi inapokolea.

Hata ukibadilisha pawa saplai, LUKU itakufuata. Chukua saa 8 za kazi nzito kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kadi ya wati 75 inatumia uniti 15.6. Ya wati 185 inatumia 38.5. Kwa takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, ya kwanza ni kama shilingi 5,550 kwa mwezi na ya pili 13,700. Kwa mwaka tofauti yake inakaribia shilingi 98,000. Hapo jenereta sijaigusa.

Sasa kazi yenyewe. Wengi wanaoniuliza habari hizi ni watu wa studio: harusi, sendofu, ngoma za Kisukuma, kwaya. Kinachowachosha ni kusubiri video ikamilike kutolewa, na kazi hiyo kadi huifanya haraka pale tu inapokuwa na sehemu maalumu ya kubana video. GT 1030, ambayo kila duka linayo kwa sababu ni ndogo na inakula wati 30, haina sehemu hiyo. RX 6400 nayo haina. Mimi mwenyewe niliwahi kununua 1030, nikashangaa mbona video ya saa mbili inachukua muda ule ule. Tena yangu ilikuwa ya ramu ya DDR4, inayopitisha GB 16.8 kwa sekunde wakati ya GDDR5 inapitisha 48. Jina moja, boksi moja, kasi theluthi. Kwa studio, GTX 1650 inabana video, 1030 haibani. Wala sioni haja ya mjadala.

Kundi la pili ni vijana wanaochora ramani za leseni za wachimbaji wadogo. Hawa huambiwa wanunue kadi za bei mbaya bila sababu. Leseni ndogo ya dhahabu haizidi hekta 10, yaani mita za mraba 100,000. Droni ikipiga kwa usahihi wa sentimita 5, kila mita ya mraba ina nukta 400, jumla nukta milioni 40. Kwa baiti 4 kila nukta, picha nzima ni MB 160. Kadi ya GB 4 inaimeza bila jasho. Kinachokwama ni kuunganisha mamia ya picha za droni kuwa ramani moja, na hapo ramu ya mashine ndiyo hulemewa mapema. Kama mashine yako bado ina ramu ya GB 4 na diski ya kuzunguka, pesa yako ya kwanza iende kwenye ramu na SSD.

Umri nao una bei. Oktoba 2025 Nvidia ilifunga mlango wa maboresho ya kawaida kwa 750 Ti, 1030 na 1050 Ti, ikabakiza marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. GTX 1650 bado imo. Mwezi huo huo Windows 10 ilifikia kikomo cha huduma yake ya kawaida, na i5-3470 haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Ndiyo maana sikushauri utoe kwa kadi pesa inayozidi bei ya sipiyu yenyewe. GTX 1650 ilitoka kwa dola 149. Tukihesabu shilingi 2,500 kwa dola, ni 372,500 ikiwa mpya. Mtumba wake ukitajiwa bei hiyo, ondoka.

Na mtumba ujaribiwe mbele yako. Kuna kadi kuukuu za mwaka 2010 zilizobandikwa jina la 1050 Ti ndani ya programu zao. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua. 1050 Ti halisi ina koa 768. Feki ya aina ya GTS 450 ina 192. Kutoka Kariakoo, Dar, hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000 za basi, na kifurushi kikishafika, kukirudisha ni safari nyingine na maneno mengine.

Uamuzi wangu kwa 7010 iliyosimama wima ni GTX 1650 isiyo na tundu la waya. Kwa kasha jembamba, ambalo pawa saplai yake ni wati 240, hesabu bado inatosha, ila tafuta toleo fupi na upime nafasi kwa rula. Kabla hujatuma pesa Dar, fungua sipiyu, futa vumbi, piga picha lebo ya pawa saplai na tundu la kadi, umtumie muuzaji picha hizo. Akikujibu bila kuziangalia, tafuta mwingine.